Meno ya Pembe ya Baruti

Mwanamume yule alishuka kwenye basi lililotoka Kitai, mkononi ana pembe ya ng'ombe ndani ya mfuko wa mbolea. Mimi huchonga miko na mipini ya majembe hapa Lituhi. Kazi ya pembe nilifundishwa na marehemu baba. Mgeni alitaka pembe ya kutunzia baruti, ukingo wa mdomo wake uchongwe meno madogo madogo kuzunguka.

"Ya gobore?" nikamuuliza.

"Ya mzee wangu."

Hilo halikuwa jibu. Wenye magobore walikuwa wametakiwa wayasalimishe serikalini, na kwetu kila mgeni alionekana ama jangili ama mtu wa maliasili anayejifanya mkulima. Mke wangu alimpelekea maji, akarudi kuninong'oneza, "Viatu vile havijui shamba."

Nilikubali, ila kwa hila. Nilichora mistari kwa penseli, nikakata meno kwa tupa ya pembe tatu, moja moja, nikipuliza unga wake. Jino moja likapasuka. Nikasawazisha ukingo wote, nikaanza upya. Lakini ncha sikuitoboa. Bila tundu, baruti haimiminiki. Wakija kunikamata, nitasema ni pambo.

Mgeni aliporudi aliigeuzageuza pembe. "Fundi, tundu je?"

"Utatoboa mwenyewe."

Akanitazama. "Basi twende ukamwambie mzee. Nyumbani ni Mbaha."

Mbaha? Si alitoka Kitai? Mke wangu alinivuta shati. Nilikwenda, simu nimeishika mkononi. Njiani akasema anafundisha shule huko Kitai, milimani. Nikaitikia tu.

Mzee alikuwa ameketi mkekani, macho yake hayaoni tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alisema gobore lake alishalipeleka kwa mtendaji, na pembe yake ya zamani ililiwa na wadudu. Alitaka tu kushika nyingine. Akapitisha kidole gumba juu ya meno, polepole, akarudia, akatabasamu. Kidole kilipofika kwenye ncha, kikasimama.

"Fundi wako ni mwoga," akamwambia mwanawe.

Niliona haya. Nikaomba kisu, nikakata ncha kidogo, nikachoma tundu kwa waya uliopashwa moto jikoni, moshi ukitutoa machozi. Mzee akapuliza kwenye tundu, akacheka mpaka akakohoa. Mwanawe akanishukuru kwa mikono miwili.

Nami, huku naaga, nilikuwa bado natupia jicho juu ya boriti na nyuma ya mlango, nikilitafuta gobore.