Hodi Isiyongoja Karibu

Nakumbuka Jumamosi moja ya kampeni huko Harrow, ughaibuni, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Mvi zangu bado chache, ila niliyoyaona siku ile yananipa ruhusa ya kukuita mwanangu.

Nilikuwa nagombea ubunge. Mimi, niliyeishia kidato cha nne, niliyeanza kwa kukusanya wapangaji wenzangu jikoni kwa jirani yetu Bi Zuhura, ghorofa ya nne, tukidai ukungu utolewe kutani. Jiko lile ndilo lililonilea. Yeye anakaanga kachori, sisi tunapanga nani aseme nini mbele ya wenye nyumba. Ndoto yangu ilikuwa kubwa kuliko jiko, lakini ilitoka mle.

Siku ile nilifika kwenye jengo lile na Peter, msimamizi wa kampeni, na vijana wa kujitolea. Sheria ya Peter: gonga, tabasamu, omba kura, ondoka, usiingie, usinywe chai ya mtu. Lifti ilikuwa mbovu, tukapanda ngazi. Nilihema, wala sikujiuliza wengine wanashukaje. Nikagonga kwa Bi Zuhura; akafungua, akanikaribisha. Nikamwambia nina haraka, nitarudi.

"Utarudi lini, wewe? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja mwenyeji augue. Mzee wako yumo humo ndani, hajakanyaga nje tangu lifti ife. Nawe unanipa karatasi yenye sura yako. Sura yako siijui mimi?"

Peter akaninong'oneza kwamba kura ya mama huyu tunayo tayari, twende. Hapo hasira zikanipanda, mwanangu, na hadi leo hazijashuka. Nikavua viatu, nikaingia.

Mumewe, Mzee Salim, alikuwa dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu, koti mwilini, kofia kichwani, kama mtu anayengoja kuitwa. Nikamwamkia, nikamuuliza anataka nini.

"Kinyozi," akasema. "Ninyolewe kama watu."

Vipeperushi vikawekwa chini. Vijana wakambeba na kiti chake kumpeleka kwa kinyozi, ngazi baada ya ngazi, naye akiwakemea waende taratibu, yeye si kabati. Peter akatoa simu apige picha.

Nikamwambia, "Ukiipiga hiyo, sigombei."

Akairudisha mfukoni.

Ubunge niliupata. Lifti niliipigania kabla hata sijajua kiti changu bungeni kiko wapi. Ikatengenezwa, lakini Mzee Salim alikwisha tangulia mbele ya haki. Hilo sijalisamehe, na usiniombe nilisamehe.

Basi shika hili: usiache mbachao kwa msala upitao. Watakuja watu wa suti wakufundishe kwamba waliokulea ni kura zilizokwisha patikana. Wakasirikie. Hasira ya kumtetea mnyonge si dhambi, ila iwe na miguu, ipande ngazi. Na ukipiga hodi ukaambiwa karibu, ingia, ukae, chai ikukute hapo.

Mungu akupe kiti, mwanangu. Na akishakupa, akunyime raha ya kukikalia mpaka wa ghorofa ya nne washuke. Amina.