Chumvi Kwenye Pikipiki ya Baba

Wiki iliyopita, siku ninayopumzika kazi yangu ya hotelini, nilishuka mtaa wa Najma kupeleka viatu kwa fundi. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa Januari hapa Doha unaokulowesha mpaka kope. Nje ya duka, bwana mmoja Mkenya anayepeleka chakula majumbani alikuwa amechutama kando ya pikipiki yake, akisugua mnyororo kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa, huku akilalamika peke yake kwa Kiswahili. Nikamsalimu. Akajibu bila kuinua kichwa, "Poa, sistangu. Ni hii chumvi ya huku tu, itamaliza nduthi yangu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mafuta ya taa na chuma kibichi vilininukia pamoja, na pale pale nikawa mtoto wa miaka tisa, nyumba tatu tu kutoka pale niliposimama.

Baba yangu alikuwa tarishi wa ofisi moja hapa, akisambaza barua na vifurushi kwa pikipiki ya ofisi. Mwaka ule alituita mimi na mama tutoke Unguja tuje tuishi naye. Tulipata chumba kimoja, ghorofa ya pili, dirisha limebandikwa karatasi ya rangi ya fedha kuzuia jua la kiangazi. Hata baridi ilipoingia haikubanduliwa. Karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado, na bila karatasi hakuna skuli. Mama alikuwa na hofu isiyolala. Kila nilipousogelea mlango alisema, "Ukiulizwa wewe nani, utajibu nini?" Nikarudi mkekani.

We fikiria mwenyewe. Mtoto aliyezoea kuamka na uwanja mzima ukawa wake, sasa dunia yake ni vigae. Saa nilizijua kwa pua: bizari za jirani wa Kihindi, ni adhuhuri, mkate wa tanuri kutoka mtaani, ni alasiri. Kiyoyozi cha nyumba ya pili kilidondosha maji juu ya bati, to, to, to, na adhana za misikiti mitatu zikapishana kwa pumzi moja. Mama alipika mkate wa kumimina kila Ijumaa ili chumba kinukie kwetu. Kilinukia kweli, na hapo ndipo nilipolia zaidi.

Kitu kimoja tu kilinitoa nje, nacho ni pikipiki ya baba. Msimu ule wa baridi alikuwa akienda Lusail, mji mpya uliokuwa ukijengwa, wakati huo ni mashimo na winchi tupu, maji ya chumvi yakivutwa kutoka ardhini na kutapakaa njiani. Kisha anageuza mpaka Al Wukair, upepo wa bahari ukimpiga ubavuni. Akirudi wakati wa magharibi, pikipiki imepakwa tope linalokauka likawa jeupe kama unga.

Baba alinifundisha kuitunza uani, chini ya ngazi. Kwanza maji matamu, kwa kopo, pole pole, chini ya tangi na kwenye spoku ambako tope hujificha. Kisha tambara kavu. Kisha mnyororo, mswaki na mafuta ya taa, halafu oili tone kwa tone. Grisi kidogo kwenye nati na ncha za waya za breki. Turubai mwisho kabisa, na si kabla haijakauka. "Ukiifunika mbichi itatoka jasho, na jasho ndilo kutu," alisema. Alikuwa na maneno yake: chumvi haina haraka, lakini hailali. Na jingine alilisema kila ofisi ilipokaribia kukagua pikipiki zake: "Hii ikioza mikononi mwangu, kazi watampa mwengine, na sisi sote tutarudi Unguja."

Yeye alilisema kwa hofu. Mimi nililisikia kama ahadi.

Baada ya muda aliniamini. Akifika tu anatia udhu, anakwenda msikitini, ananiachia ndoo na kopo. Ndipo nilipoanza. Nilichota chumvi jikoni, konzi moja, nikaikoroga ndani ya ndoo, nikamimina pale pale nilipofundishwa kusafisha: kwenye spoku, kwenye mnyororo, kwenye ncha za waya. Nilifanya hivyo jioni nyingi. Mama alitikisa mkebe akauliza, "Chumvi ya nyumba hii inaliwa na jini?"

Kutu ikaja. Mwanzo madoa madogo kama sisimizi wekundu, kisha ikatambaa. Baba aliongeza grisi, aliongeza oili, akaanza kula bila kumaliza sahani. Nami nilihesabu siku za kwenda kwa bibi, Unguja.

Asubuhi moja ya ukungu aliondoka kama kawaida. Kabla ya adhuhuri nikasikia sauti yake uani. Nikashuka mbio bila kumwomba mama ruhusa. Alikuwa amesimama ameishika pikipiki, mkono wa shati umechanika, kiwiko kinavuja damu. Waya wa breki ya mbele ulikatika akiingia mzunguko wa barabara, lori limo mbele yake. Akailaza pikipiki kwenye mchanga.

Sikiliza, nikwambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Katika mipango yangu yote, baba hakuwemo juu ya ile pikipiki. Niliiona ikioza yenyewe, imesimama, kama mti.

Baba aliinama, akakwangua uweupe kwenye waya kwa ukucha, akaonja. Akaonja tena. Kisha akauelekea mlango wa jirani wa chini, askari mlinzi Mkenya, aliyekuwa akifanya kazi usiku na kulala mchana. Wiki nzima walikuwa wakizozana, kwa sababu oili ya pikipiki ilichafua mlango wake.

"Toka nje!" baba alipiga mlango kwa kiganja. "Toka useme umeifanya nini pikipiki yangu!"

Jirani alitoka na macho ya usingizi. "Mzee, unaniamsha juu ya nini?"

"Hii si chumvi ya bahari, haina uchungu. Hii ni ya jikoni, imemwagwa. Ni wewe uliyekuwa ukilalamika."

"Nililalamika juu ya oil kwa mlango yangu, sijakataa. Lakini nikuue? Mimi niko na watoto nyumbani, mzee. Nikuue juu ya oil?"

"Nitakushitaki kwa ofisi yako."

Uso wa yule bwana ulibadilika. Najua sasa, maana nami ninaishi kwa kibali cha mwajiri: neno kama lile humrudisha mtu kwao kwa ndege ya kesho. Wakati ule niliona tu midomo yake ikikauka.

"Ni mimi, baba," nikasema.

Wakageuka wote wawili. Mama alikuwa juu ya ngazi, mkono mdomoni.

"Nani kakwambia chumvi inakula chuma?" baba aliuliza, sauti chini kabisa.

"Wewe."

"Na kwa nini, mwanangu?"

"Nataka kwetu."

Baba alikaa kwenye ngazi. Hakunipiga. Nilitamani anipige. Jirani ndiye aliyeingia ndani, akaleta maji na kitambaa, akaanza kumfunga kiwiko. "Ni mtoto, mzee," alisema. "Hata mimi kuna siku ningemwaga hiyo chumvi." Baba alimshika mkono akamwomba radhi, na jioni mama alimpelekea sahani.

Ofisi ilimpa baba onyo na waya mpya. Mwezi uliofuata baba alitupandisha ndege mimi na mama kurudi Unguja. Yeye alibaki. Nililopanga lilitimia nusu, na ile nusu iliyobaki, baba, ilidumu huku miaka kumi na moja.

Najma ya leo ile nyumba haipo, uani pamekuwa maegesho ya magari. Hilo halinisumbui. Nyumba hujengwa na kuvunjwa. Ninachokitafuta kila nikipita pale ni mwanamume aliyenikabidhi ndoo akaenda kusali bila kugeuka nyuma. Aliporudi Unguja moja kwa moja nilikuwa mtu mzima. Siku ya kwanza alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Alipoona kiu, aliinuka, akasimama katikati ya jiko la nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, akaniuliza kwa adabu ya mgeni, "Samahani, mwanangu. Glasi mnaweka wapi?"