Joho Jekundu la Fundi

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mtu mzima mwenye miwani na watoto wawili, na naona haya kukiri kwamba tamthilia niliyoipenda kuliko zote maishani mwangu ilikuwa na joka la mpira. Zipu yake ilionekana mgongoni. Kulikuwa na mchawi wa kike aliyepakwa rangi ya kijani kwenye kope, kulikuwa na mapango ambayo kuta zake zilitikisika mtu akiziegemea, na kulikuwa na shujaa mwenye joho jekundu ambaye kila Jumamosi saa kumi jioni alinyanyua upanga akaapa. Aliapa nini, hatukujua. Kiingereza chetu kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni tu.

Tulimtegemea fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora. Alikuwa na televisheni ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na siku ya kipindi aliiweka juu ya meza yake ya kukatia, akatuacha watoto tukae chini juu ya vipande vya vitambaa. Mimi nilitoka mtaa wa Cheyo kwa miguu. Fundi alikuwa Mzaramo, wa ukoo uliofika Tabora na misafara ukalowea, nasi ni Wanyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata sijazaliwa. Nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa adabu zote, kisha akamgeukia mkewe: "Mpagazi wangu kafika. Hebu muulize mzigo kautua wapi." Nami nilikuwa nimefundishwa kwetu namna ya kujibu: "Bila sisi, Babu, njia ya Tabora mngeijulia wapi?" Mkewe alicheka kila mara, kana kwamba hajawahi kuyasikia.

Mguu wa kushoto wa fundi ulipooza tangu utotoni. Cherehani ya kukanyaga isingemfaa, akashonea ya mkono, na huku akizungusha kishikio chake ndipo alipotutafsiria. Alieleza kwa uhakika mtupu. Alisema shujaa alizaliwa na mguu mbovu, na mchawi ndiye aliyeficha dawa yake pangoni. Mtoto mmoja akauliza mbona anakimbia. "Anajikaza," fundi akasema. "Mnavyomwona vile, ndani anaumia." Basi tukawa hatutazami tena upanga wala joka, tunatazama mguu. Na Mungu anisamehe, nilimwona akichechemea.

Nilipofika sekondari na kuanza kuelewa maneno, niligundua fundi hajui Kiingereza hata kidogo. Shujaa alikuwa anatafuta jiwe. Mguu haukutajwa popote. Niliendelea kwenda hata hivyo, maana lile jiwe halikuwa na ladha yoyote.

Jumatatu moja, nikiwa kidato cha pili, nilipeleka sketi ya shule ipindwe upindo. Barazani hapakuwa na mtu. Nilipiga hodi, nikadhani nimeitikiwa, nikasukuma mlango. Fundi alikuwa amesimama mbele ya kile kioo cha wateja. Alikuwa amevaa joho refu alilolishona kwa bitana nyekundu, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, mwingine umeinua rula ya kukatia. Alikuwa amesimama wima kabisa, mabega sawa, kama mtu mwenye miguu miwili mizima. Jasho lilimtoka kwa zile nguvu za kusimama.

Nilijua la kusema. Mtani yeyote angelijua. Yeye akaniwahi. Alishusha rula taratibu, akaketi, akasema, "Mjukuu wangu, hili lisitoke humu ndani. Hata mke wangu halijui. Hili si la utani." Nikaapa. Akalikunja joho akalitia kwenye sanduku chini ya meza, akachukua sketi yangu akaanza kuipima.

Miaka ikapita, nikasoma, nikarudi Tabora kufundisha. Fundi alizeeka, tukaendelea kutaniana kila nilipopita pale barazani kwake. Mwaka juzi akafariki hospitalini Kitete.

Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Wafiwa wakizidiwa na kilio, yeye ndiye wa kuwachekesha. Huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake na maneno yake, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Siku ya tatu wanawake tulikuwa uani, mjane ameketi mkekani, ndani ya eda, hajala tangu asubuhi. Mama mmoja akaniambia, "Mtani, umekuja kula wali tu?"

Nikainuka. Nikaanza na kishikio cha cherehani, nikazungusha hewani huku nikitafsiri Kiingereza cha uongo. Wakacheka. Nikaigiza anavyopima kiuno cha mteja mnene bila kumwambia kipimo chake. Wakacheka zaidi, na mjane akatabasamu. Hapo ndipo nilipopaswa kuketi. Lakini kicheko cha watu kinalevya, nami ni mtu wa kupenda kusikilizwa, ndiyo maana nikawa mwalimu. Nikaingia karakana, nikavuta lile sanduku. Joho lilikuwapo, limekunjwa, linanukia nafthalini ya kufukuzia nondo. Alikuwa akilitunza miaka yote hiyo.

Nikatoka nalo mabegani, nikiburuta mguu wa kushoto, rula juu. Nikawaeleza kila kitu, kioo, meza, jasho. Nikajinyoosha wima kama yeye alivyojinyoosha, nikajiangusha. Wanawake walifunika nyuso kwa khanga kwa kucheka, mmoja akamwaga chai. Mjane naye alicheka mwanzoni. Kisha akashika upindo wa joho, akaupitisha katikati ya vidole, akaitambua mishono.

"Alishona lini hili?" akaniuliza.

Nikamwambia ni zamani, nilipokuwa shuleni. Akauachia upindo, akatazama chini. Wenzangu hawakuona, walikuwa bado wanacheka. Siku ile nilisifiwa kwamba nimefanya kazi ya watani kama wazee wa zamani. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Eda ilipokwisha nilikwenda kwake. Nilipiga magoti pale mlangoni. "Bibi, nimekuja kuomba radhi kwa siku ile."

"Radhi ya nini?" akasema. "Mtani hana kosa. Inuka, mpagazi, unywe chai."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Alisema neno la mila, na mila ile ile iliyonikinga uani ikanifungia mlango wa kusamehewa. Ningeweza kumwambia kwamba marehemu aliniapisha, kwamba mwenyewe alilitoa jambo lile nje ya utani. Kikombe kilikuwa mkononi, maneno yakiwa mdomoni. Nikanywa chai. Sijamwambia mpaka leo.

Mwezi uliopita mwanangu alinionyesha kwamba vipindi vile vyote viko kwenye mtandao. Nilivitazama peke yangu, kwa siri, kama mtu anayekula kabla ya wageni kufika. Zipu bado iko pale pale. Nilielewa kila neno, na nikaikosa sauti ya fundi katika kila neno. Jumamosi iliyofuata nikampelekea mjane simu, nikaiegemeza kwenye cherehani ya mkono, ambayo hajaiuza. Aliniambia yeye hakuwahi kutazama. Alikuwa jikoni akitupikia chai, akisikiliza tafsiri kupitia pazia.

Shujaa akanyanyua upanga akaapa kulitafuta jiwe, kisha akapanda kilima mbio, joho likipepea nyuma.

Bibi akaisogelea simu. "Huyu si ndiye mwenye mguu? Mbona anakimbia vizuri?"

Mimi ndiye niliyesomea Kiingereza. "Anajikaza, Bibi," nikasema. "Ndani anaumia."

Alitazama mpaka shujaa akafika kileleni.

"Na wangu alikuwa anajikaza," akasema. "Nimelala naye miaka arobaini, nikaja kuambiwa na mpagazi, mbele za watu."