Tarumbeta Nyumbani kwa Anord

Anord, mkulima wa kakao hapa kwetu Makwale, alipenda muziki wa roki na metali, magitaa ya kunguruma, na yeye mwenyewe akipiga mayowe juu yake. Kaka yake Lazaro alipougua kichwa, miziki ile ikamshinda, na kukiwa kimya hapati usingizi. Basi Anord akaanza kumtafutia mingine kwenye simu.

Kwanza akamwekea hip hop ya majaribio, midundo inakatika hovyo, maneno yanakimbizana.

“Mdogo wangu, hiyo spika umeidondosha?” Lazaro akauliza.

Akamwekea jazi, tarumbeta moja inalia polepole. Lazaro akafumba macho. “Hapo hapo. Ndaga, asante.”

Lakini kwetu huku tarumbeta ikilia nyumbani kwa mgonjwa, watu wanajua bendi ya kanisa imekuja kumsindikiza marehemu. Haikupita nusu saa, jirani yao Felista akaingia analia kwa sauti, wenzake nyuma na ndizi za matanga kichwani. Nami nilikuwa napita, nikavua kofia, nikaingia.

“Dada Felista,” Lazaro akasema kitandani, “subirini kwanza nife.”

Tulicheka kwa aibu, tukatawanyika.

Alhamisi asubuhi Lazaro alikufa kweli, jazi ikilia. Anord akapiga mayowe kuita watu. Tulimsikia tukiwa barabarani, wengi tu, na tarumbeta tuliisikia. Tukasema ni Anord na miziki yake, safari hii hatudanganyiki, tukaenda zetu shambani. Mpaka jua la utosi Anord alikuwa peke yake na maiti.