Kandege ya papa Kovac

Ku maison de repos, nyumba ya bazee, fasi tunatumika, kule Auderghem mu Europe, karibu na forêt, maman Émérance anasalimiaka kila muntu na luga yake. Wa Maroc anamupatia salamu ya Maroc, mu-Flamand anamupatia ya Flamand. Zamani niliona ni kujionyesha tu. Mi, Mignonne, niko wa cuisine, nasukumaka chariot ya chakula, sina wakati ya kuuliza muntu anatoka wapi. Yeye ni aide-soignante, anaoshaka bazee na kubavalisha, mu-Shi wa Bukavu, na akiingia mu chambre hatoki mpaka ajue.

Chambre douze, ya kumi na mbili, banaleta muzee moja kutoka hôpital, papa Kovac. Quatre-vingt-six ans, myaka 86. AVC, kiharusi, ilimupiga, français yote ikatoka mu kichwa. Bibi yake alikufaka zamani, batoto hakuna. Mu dossier baliandika tu "Europe de l'Est", point. Papa analala, anaangalia dirisha, hasemi, hakuli, anakunywa tu kidogo. Plateau ya chakula nilikuwa naipeleka ya moto, inarudia ya baridi, kijiko fasi niliiweka. Semaine mbili vile. Alors docteur akasema: mpaka mardi, siku tano, kama hajakula, anarudia hôpital, batamutia tuyau ya chakula mu pua.

"Muntu akienda vile na neno yake bado mu tumbo, harudiake," maman Émérance akaniambia. "Mignonne, huyu ana kitu anataka kusema."

La chef wa maison akasema si shida, tuite Bożena wa ménage, ni mu-Polonaise, ba-Slaves bote ni luga moja. Nilikuwa na soupe mu mikono na nilitaka imumwangikie. Ni batu bale bale banatuulizaka kama kwetu tunasema "africain".

Bożena alikuya na balai yake ya kufagia, akaongea na papa polepole, muzuri. Papa akageuza kichwa, akamuangalia, kisha akafunga macho.

"Si wetu," Bożena akasema. "Lakini si wa mbali."

Mangaribi ile maman Émérance alikaa ku cuisine na mi, juu ya casier ya maji. Akanielezea kitu hajanielezeaka. Vita ya Bukavu mu 1996, yeye alikuwa na myaka saba, alipotezana na mama yake mu njia, batu banakimbia. Akafunga kinywa. Kila muntu anamuuliza "uko wa nani", hajibu, hata kulia halii. Maman moja hamujui akachutama mbele yake, akamuonyesha ndege ku muti. Akasema "ndeke". Kimya. Akasema "inyoni". Kimya. Akajaribu na zingine, mpaka akasema "akanyunyi", ya ba-Shi.

"Hapo njo nililia," akasema. "Kilio ikaisha, jina ya mama yangu ikatoka. Siku ya tatu alinipata."

Akavuta carton ya gants za mikono yenye ilikuwa imeisha, akaandika juu neno ya ndege yenye Bożena alimupatia: *ptak, Bożena*.

Bon, vendredi akauliza kiné wetu, yule wa kunyoosha viungo, mu-Ukrainien: *ptakh*. Mangaribi, mu kurudia kwake Saint-Josse, akasimamisha maçon moja mu-Bulgare ku barabara. "Monsieur, kwenu ndege munaitaka je?" Mubwana akacheka. "Maman, kama unatafuta bwana sema tu." Yeye hakucheka, akangojea na bic mu mukono. *Ptitsa*. Mu-Serbe wa night-shop, duka ya usiku, naye akasema vile vile.

"Ona," akanionyesha carton. "Mama yao ni moja. Ni kama yetu tu, kila mutoto na nguo yake."

Kila neno alikuwa anaipeleka mu chambre douze. Anachutama pembeni ya kitanda, anaonyesha pigeon ku dirisha, anasema neno, anangojea. Ku *ptitsa* papa karibu acheke, kama unacheka mutoto anasema vibaya. Lakini kinywa ikabakia ya kufungwa.

Dimanche ilikuwa siku yake ya kupumzika. Akaenda marché ya Flagey, eti kununua pondu, kumbe si pondu njo anatafuta. Mu café moja akasikia serveuse anasema français na accent ya Europe de l'Est. Zuzana, mutoto wa Slovaquie.

"Vták," Zuzana akasema. "Juu ya nini?"

Maman Émérance akamuomba numéro yake. Akarudilia neno ile mu métro nzima, batu banamuangalia.

Mi nilikuwa mu chambre na plateau wakati aliingia, na kilemba yake ya église. Akachutama. Akaonyesha dirisha.

"Vták."

Papa akafungua macho. Midomo ikatafuta, ikatafuta.

"Vtáčik," akasema. Na akalia.

Tukapigia Zuzana, na haut-parleur tusikie sote. Papa anatoa neno moja, anapumua, anatoa ingine. Zuzana akatugeuzia.

"Anasema kandege, kale kadogo. Si hii ya inje. Ana kake, ku nyumba, mu cage. Anauliza nani anakapatia chakula. Anasema hawezi kula na kenyewe hakajakula."

Semaine mbili tulikuwa tunamusukuma ku dirisha aone pigeons, tunasema anapenda. Kumbe tunamutonesha tu kidonda.

Lundi, kazi ikaisha, tukaenda ku adresse yake. Ilikuwa Saint-Josse, njia mbili na kwa maman Émérance. Tukapanda escalier, mi nahesabu siku. Semaine mbili na zaidi, kandege bila maji, unajua. Mi nilishafikiria uongo ya kumuambia papa.

Tukagonga, mulango ya pembeni njo ilifunguka: jirani, kijana wa Guinée, Djibril. Nyuma yake, juu ya frigo, kitu ya manjano inaruka mu cage.

"Nilikasikia kanalia nyuma ya mulango, nikaomba propriétaire ufunguo," akasema. "Nilienda hôpital mara mbili kumuambia muzee. Banasema mi si famille."

"Na siye si famille," maman Émérance akasema. "Vaa koti, beba."

Ku mulango ya maison la chef akasema nyama za kufuga haziingiake. Nilifungua kinywa, na neno yenye ilikuwa inatoka haikuwa ya église. Maman Émérance akanishika mukono.

"Madame," akasema, polepole kabisa, "ni dawa ya chambre douze."

Na akapita. La chef akaangalia cage, akaangalia mi, akaenda kujibu téléphone yenye haikulia.

Papa alivunja mukate na vidole vyake, akapitisha mu cage, akangojea. Kandege kakamuangalia na jicho moja, kakashuka, kakakula. Hapo njo akatafuta kijiko. Djibril alikuwa anamushikia sahani.

Mardi docteur alikuya na papier ya hôpital, akakuta muzee na soupe mu mustache. Akakunja papier, akaitia mu poche.

Ku fiche ya cuisine, fasi tunaandikaka idadi ya batu, chambre douze sasa nimeandika deux, batu wawili. Hakuna mwenye ameniuliza juu ya nini.