Sponji ndani ya koti la Mzee Anselmo

Bado sijaamini, jamani. Alhamisi nimecheka naye kwenye simu, Jumamosi asubuhi napigiwa kwamba mzee ametutoka.

Na wiki hii yote kwenye group la kazini mnaulizana: nani alijua kwamba anaumwa? Nani?

Mimi nilijua. Mimi Shabani, fundi wenu wa nguo. Acheni niseme kabla hatujamzika kesho.

Kwa msiomfahamu vizuri: Anselmo alikuwa mwigizaji, Mreno wa Lisboni. Alianza jukwaani akiwa kijana, akaingia kwenye filamu, halafu akawa inspekta wa polisi kwenye tamthilia ya TV ya kwao kwa miaka mingi. Hapa Joburg, mtaani Rosettenville, mabibi wa Kireno walikuwa wanamsimamisha duka la mikate wamshtakie majirani zao. Hahaha!

Joburg alikuja kwa filamu moja tu, akanogewa, hakurudi. Sura yake ilikuwa ya ukali, basi kila director akimwona anampa bunduki. Mamluki, muuza silaha, bosi katili wa mgodi. Mtu mwenyewe akiona panya anapanda juu ya kiti!

Tulijuana 2015, kaja dukani kwangu kupunguza suruali. Nikamwambia, "Nyie Wareno mliwatesa babu zetu kule pwani. Leo nimekushika kiuno, na pini ninazo." Akanyoosha mikono juu: "Choma, Fundi. Ni haki yako." Tukawa watani tangu siku hiyo. Na ni yeye aliyenipeleka wardrobe, idara ya mavazi, kule studio Midrand, akawaambia bila fundi huyu sivai kitu.

Halafu akapata role ya babu kwenye tamthilia yetu. Babu mwenye duka, hana bunduki, ana wajukuu. Alikuja kunionyesha script kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi. "Miaka yote naua watu, Fundi. Sasa nitaozesha mjukuu."

Season ya mwisho nikampima kama kawaida. Futi ikanishtua. Kiuno kimepungua inchi tatu. Nikapima tena.

Akanitazama kwenye kioo, akasema taratibu, "Daktari kashaniambia. Hawa wakijua watanitoa. Niache nifike kwenye harusi."

Ningefanyaje? Mtu mzima kanishika mkono.

Nikachukua lile koti la kijivu la babu, nikashona sponji ndani ya bitana, mabegani na kifuani. Kila wiki anapungua, kila wiki naongeza. Continuity safi, kila scene mwili ule ule, hakuna aliyeona. Lerato, bosi wangu, uliniuliza siku ile kwenye parking, "Fundi, mzee yuko sawa?" Nikakujibu, "Sharp, boss." Nilikudanganya. Nisamehe.

Siku ya scene ya harusi alisimama juani kutwa nzima na sponji ile. Kila wakisema cut, mnaniona nakwenda kurekebisha kola. Kola haikuwa na shida yoyote. Nilikuwa namshika mgongo asianguke. Director akasema, "Leo Anselmo ana nguvu!" Mtani akanikonyeza.

Tulipomaliza kushuti wakampa koti lile kama zawadi. Mimi nikajiona nimetenda wema mkubwa. Mpaka juzi.

Binti yake alifika kutoka Lisboni, akaja dukani na koti, anataka baba yake azikwe nalo. Nikamwambia halitamkaa, ni kubwa.

Akashangaa. "Mbona linamkaa? Kila Jumapili tukiongea kwa video alikuwa amelivaa."

Eish. Sikujua, wallahi. Kila Ijumaa alikuwa ananiomba aondoke nalo, mimi nadhani analipenda tu.

Nikafumua bitana nikamwonyesha. Akaingiza mkono, akaishika sponji. Kisha akauliza, "Alikuwa amekonda hivi?"

Nikasema ndiyo.

"Ungeniambia, ningekuja."

Nikalia mbele ya wateja, mwanaume mzima.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu fundi aliyemsaidia kuficha. Nilimpa mzee harusi yake, nikamnyima binti miezi ya mwisho na baba yake. Yote mawili nimeyafanya kwa sindano moja, na sijui nitayabeba vipi.

Alipofika mlangoni dada yule aligeuka. Hakuniambia amenisamehe. Alisema tu, "Itoe yote. Mpunguzie limkae."

Basi nimeitoa yote, mtani. Vipimo vyako vya mwisho vilikuwa daftarini, nimevifuata. Koti limening'inia hapa mbele yangu nikiandika haya. Limekuwa dogo, jamani. Dogo kweli.

Kesho hakuna camera. Utalivaa ukiwa saizi yako, na binti yako atakuona.

Pini zote nimezichomoa, nimekagua mara mbili. Pumzika salama, babu.