Maji Yalikokuwa Yakienda

Mpangaji wangu aliandika kasoro za nyumba kwenye karatasi mbili, mbele na nyuma, akazibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Nilizisoma nikiwa nimesimama, mkoba bado begani, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimefika kutoka Bunda. Mlango wa choo haufungi. Swichi ya taa ya bafuni iko koridoni. Geti halifunguki bila kunyanyuliwa. Soketi ya jikoni inatoa cheche. Dari ya sebuleni ina doa. Koki ya jikoni inafunguliwa kwa koleo. Ya mwisho ilipigiwa mstari mara mbili: maji yanaisha kila siku na mimi siyatumii.

Niseme ukweli, nilikasirika. Nyumba hii ya Musoma aliijenga mume wangu kwa mikono yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miaka tisa. Alikuwa mtunza stoo, siyo fundi, lakini alikuwa hapendi kuita mafundi. Haya ambayo mgeni aliyaita kasoro, mimi nilikuwa nimeyazoea kama tabia za nyumba. Geti unalisukuma kwa goti huku unalinyanyua. Watoto wetu walijua hivyo kabla hawajajua kusoma. Koleo la koki lina msumari wake ukutani, na ukiliweka kwingine utasemwa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa humo bila kufundishwa na yeye.

Alifariki mwaka juzi. Baada ya mazishi sikuweza kulala tena kwenye nyumba ile, nikahamia kwa binti yangu Bunda, kata ya Kabasa, ambako nauza unga na dagaa mbele ya nyumba yake. Nyumba ya Musoma ikakaa tupu karibu mwaka mzima, nimefunga koki ya tangi na madirisha yote. Halafu akaja huyu dada wa kigeni, daktari wa mifugo, anayezungukia ng'ombe wa huku na Butiama na kupima damu zao. Kiswahili alijifunzia darasani, kwa hiyo anaongea taratibu na hamezi neno. Aliniamkia "shikamoo, mama" siku ya kwanza na hakuacha.

Upande wa mume wangu, Butiama, walikuwa wanataka nyumba iuzwe. Mdogo wake, shemeji yangu, ndiye alikuwa mbele. Alisema nyumba bila mwenyewe inaoza, na mimi siwezi kuitunza nikiwa Bunda. Kikao cha ukoo kilikuwa kimepangwa mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimewaambia kwamba nyumba ina mpangaji. Sikudanganya. Kwamba mpangaji ameridhika, hilo sikulitaja.

Sasa mpangaji akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe na kuniambia, "Mama, nikikosa maji tena mwezi huu nitahama. Ofisi imeshanitafutia nyumba nyingine. Sipendi kuhama, lakini narudi kutoka kwa ng'ombe na siwezi kunawa."

Nikajua akihama, kikao kimekwisha kabla hakijaanza.

Nilimwita fundi bomba wa mtaani. Akapanda kwenye tangi, akashuka, akabadilisha boya la choo, akaangalia mita, akanivuta pembeni.

"Mama, huyu mzungu wako anaoga mara ngapi kwa siku?"

"Si umuulize, yuko hapo."

Hakumuuliza. Sauti ikatoka jikoni: "Mara moja, fundi. Jumapili mara mbili."

Fundi alikusanya spana zake kwa haraka, akasema boya ndilo lilikuwa tatizo. Kesho yake tangi lilikuwa tupu tena.

Hapo ndipo yule dada alipoanza kunishangaza. Mimi ningetafuta fundi mwingine, na mwingine, mpaka mwezi uishe. Yeye aliniomba nilale pale siku mbili, tukae na nyumba kama anavyokaa na mnyama mgonjwa. "Ng'ombe anayekonda," alisema, "huwezi kumuuliza anapotezea wapi. Unamwangalia." Tukafunga koki zote za ndani. Akapanda ngazi na chaki, akachora mstari pale maji yalipofikia kwenye tangi, kisha tukakaa kibarazani kunywa chai. Baada ya kila saa alipanda na kuchora mstari mwingine. Nikaona haya kumwacha apande peke yake, na mara ya tatu nikapanda mimi, na gauni langu la kanisani. Mistari ilikuwa inashuka sawasawa, kama ngazi. Ndani hakukuwa na tone. Sakafu kavu, kuta kavu, choo kimya.

"Bomba zinapita wapi, mama?"

Nilimjibu nilivyokuwa naamini: kutoka tangini, chini ya jikoni, mpaka bafuni, basi. Mume wangu hakuchora ramani. Alikuwa nayo kichwani, na kichwa chake tulikuwa tumekizika Butiama. Sikulisema hivyo. Nilisema, "Mwenyewe ndiye aliyekuwa anajua."

"Na nyuma ya nyumba?"

"Nyuma hakuna kitu."

Nilisema kwa uhakika kabisa. Lakini yeye akazunguka nyuma, na ikanibidi nimfuate, na nilipokuwa napita kwenye kona ya ukuta nikagundua kwamba tangu msiba sikuwahi kufika kule. Nilikuwa naingia kwa mlango wa mbele, natoka kwa mlango wa mbele. Miaka miwili kasoro. Hakuna aliyenikataza.

Kilikuwa kiangazi, ardhi yote ya uwanja imepauka, mawe yanawaka. Ila sehemu moja, kama upana wa mkeka, ilikuwa na ukoka wa kijani kibichi, na bata watano wa jirani walikuwa wamekaa pale wametulia kama wako kanisani. Kando yake yalikuwepo mawe makubwa matatu, meusi kwa masizi.

Yule dada alichuchumaa, akabonyeza udongo kwa vidole. Ulitoa maji.

Nikamwita jirani yangu, mwenye bata. Tunagawana ukuta naye tangu tulipohamia. Kichwa chake kikatokea juu ya matofali, na kitambaa chake cha njano.

"Jirani, hapa pana nini?"

"Kwani hujui?" Aliniangalia mimi, akamwangalia mgeni, akanirudia mimi. "Si bomba la msiba hilo."

"Bomba gani la msiba?"

"Jamani. Tulipopikia. Wewe ulikuwa ndani kwenye mkeka, ungeonaje? Siku ya kwanza tulikuwa tunachota maji jikoni kwako, tunapita na ndoo katikati ya wafiwa, tunaruka miguu ya watu. Shemeji yako akaona mwanamke mmoja amemmwagia maji bibi yako mkwe mgongoni. Akatoka nje na jembe, na suruali yake ya suti ameikunja mpaka magotini. Akakata bomba kutoka tangini, akalileta mpaka hapa. Ndiyo tukapikia maji hayo mpaka siku ya nne, mkaondoka kwenda kuzika."

"Alikuwa analia?" Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Alie saa ngapi? Alikuwa anafokea watu. Kila aliyesogea alifokewa."

"Na maji yanavuja muda wote huu, hukusema?"

"Nilikuwa nawaleta bata wangu, nikasema mwenzangu ameliacha makusudi. Nani angekwambia ung'oe kitu cha msiba wa mume wako? Wewe ungeniambia mimi?"

Nisingemwambia.

Yule dada alikuwa amesikiliza yote akiwa amechuchumaa vilevile. Akauliza kwa nini mimi, mwenye nyumba, sikuona bomba likichimbwa kwenye uwanja wangu. Jirani ndiye aliyemwelezea, kwa upole kuliko nilivyomzoea: kwamba mfiwa anakaa chini kwenye mkeka na kina mama wamemzunguka, hapiki, hachoti, hafagii, hatoki kuangalia. Uwanja si wake siku zile. Ni wa watu. Mgeni akatikisa kichwa polepole, kisha akaniuliza mimi, "Kwa hiyo mama, hujui kilichotokea nje siku zote nne?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikuwa najua ndani tu: nyimbo, mkeka, harufu ya moshi inayoingia dirishani. Nikamjibu kwamba sijui.

Alikuwa ameshachukua jembe. Nikamwambia asubiri. Bomba lilikuwa la mtu, na mtu huyo nilikuwa namwogopa, lakini nisingelichimba bila kumwambia.

Nikampigia simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia ng'ombe.

"Shemeji," alisema kabla sijamsalimia, "mzungu ameshahama?"

"Bado. Nimeliona bomba lako."

"Bomba gani?"

"La msiba. Kule nyuma, walikopikia."

"Bado liko?"

"Liko. Linavuja. Ndiyo linalomaliza tangi."

"Lile niliziba kwa gunzi."

"Gunzi?"

"Gunzi la mahindi, na mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilisema tukitoka kuzika nitarudi nizibe vizuri. Sasa tulipotoka kuzika…" Hakumalizia. Alikohoa. "Msichimbe. Nitakuja kesho. Mtakata bomba zingine, hamjui zinapita wapi."

"Wewe unajua?"

"Unafikiri nani alikuwa anamshikia kaka tochi?"

Alifika kabla ya saa tano asubuhi, na mfuko wa rambo wenye koki mpya, kizibo cha chuma na vipande viwili vya bomba. Hakuniangalia sana usoni. Alimkuta daktari ameshavaa mabuti.

"Kumbe ni wewe! Wewe si ndiye uliyewachoma sindano ng'ombe wa shangazi yangu?"

"Ndiyo. Yule mweusi alinipiga teke."

"Huyo hupigaga kila mtu." Akacheka, mara ya kwanza namsikia anacheka tangu mazishi. "Haya, shika sururu."

Walichimba wote wawili. Bomba lilikuwa karibu tu, urefu wa kiganja na nusu chini. Shemeji alifungua mpira, na gunzi likatoka kwenye mdomo wa bomba likiwa jeusi na laini kama uji ulioungua. Maji yakaruka, bata wakashangilia. Alilishika kwenye kiganja muda mrefu. Mimi nilikuwa nangojea aseme nyumba imeoza.

"Shemeji," alisema, "huu ni uzembe wangu. Siyo wako."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Nizibe kabisa, au niweke koki?"

Kizibo kilikuwa mkono mmoja na koki mkono mwingine. Nilielewa kwamba ananiuliza kama mwenye nyumba. Tangu mume wangu afe, hakuna mtu wa upande ule aliyeniuliza kitu chochote kuhusu nyumba ile, walikuwa wananiambia. Nikafikiri kuhusu uwanja ule, na wale wanawake waliopita na ndoo juu ya miguu ya watu. Nikafikiri pia kwamba misiba haijaisha, na mmojawapo utakuwa wangu.

"Weka koki," nikasema.

"Na bata wangu?" jirani akapaza sauti kutoka ukutani.

"Bata wako wataombaga ruhusa," shemeji akamjibu.

Alipomaliza, yule dada alimletea karatasi na kalamu, akamwomba achore bomba zote anazozikumbuka. Alichora akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la pili. Kumbe jikoni nilikuwa nimekosea. Bomba halipiti chini ya jikoni hata kidogo, linazunguka kwa nje, kwa sababu mume wangu alikutana na jiwe akashindwa kulipasua, na hakuniambia kwamba alishindwa. Nilicheka. Miaka yote ile nilikuwa natembea kwa uangalifu kwenye sakafu ya jikoni nikidhani kuna bomba chini.

Kikao cha ukoo kilifanyika. Shemeji aliniambia baadaye kwamba alisimama akasema nyumba ilikuwa inavujishwa na gunzi lake yeye, na watu wakacheka, na suala la kuuza likaahirishwa. Hakusema limekufa. Nami siandiki kwamba limekufa.

Mpangaji hajahama. Alikata mstari mmoja kwenye karatasi zake, ule wa mwisho, na ramani ya bomba akaibandika karibu nao. Zilizobaki bado zipo. Soketi ya jikoni nilimwambia ukweli asiiguse, kwamba hata mume wangu iliwahi kumrusha na akasema ni mkono wake ulikuwa na maji. Mwezi uliofuata nilileta fundi wa umeme. Geti niliomba liachwe, na yeye akasema ameshajua goti linakaa wapi.

Siku ile ya koki, kabla sijarudi Bunda, nilizunguka tena nyuma peke yangu. Nilifungua maji, nikanawa mikono na uso karibu na yale mawe matatu. Jirani alikuwa bado anaanua nguo upande wake.

"Jirani," nikamwita, "chakula cha msiba kilikuwaje?"

Alifikiri. "Siku ya kwanza wali. Zilizobaki ugali na dagaa, halafu mkaleta nyama." Akakunja shuka. "Chumvi ilizidi. Ila tulikula, kikaisha."

Nilifunga koki. Ilifungwa kwa vidole viwili tu, bila koleo.